Saratani: Neno la Kale na Elimu Mpya

Neno saratani ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wayunani wa zama za Hippocrates waliuita uvimbe huu kwa jina la mnyama huyo. Waarabu wakafuata njia hiyo, nasi tukalipokea neno kwao. Lakini mtu wa Mji Mkongwe alisikiapo leo hamkumbuki kaa. Huingiwa na hofu. Basi jina laweza kufunua jambo, na laweza kulifunika. Historia ya elimu ya RNA yatupa ushahidi.

Maagizo ya uhai wa seli yamo katika DNA. Yalifundishwa zamani kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa ili kutengeneza protini. Hata hivyo, katika DNA ya binadamu sehemu yenye maagizo ya protini haifiki 2 katika 100. Mwaka 1972 Susumu Ohno aliiita sehemu kubwa iliyosalia takataka. Jina likaenea, na wengi wakapita pasi na kutazama.

Afrika Mashariki ina fungu lake katika habari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana katika seli za uvimbe huo. Mwaka 1971 Burkitt huyo huyo aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa mashamba, akataja chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi.

Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza mikroRNA, vipande vidogo visivyotengeneza protini bali huzuia nakala nyingine zisifanye kazi. Wakatuzwa Nobel mwaka 2024. Mwaka 2003 zilionekana mbili, miR-143 na miR-145, zimepungua katika uvimbe wa utumbo mpana. Mwaka 2013 ikaelezwa CCAT2, RNA ndefu inayozidi katika uvimbe huo na kuichochea jeni ya MYC, ambayo huzihimiza seli kuongezeka. Nayo MYC ndiyo jeni iliyohamishwa mahali pake katika uvimbe wa Burkitt.

Mwanaisimu hastaajabu sana. Silabi "ha" katika "hawatakuja" haitaji mtu wala kitendo. Lakini iondoe, na wageni watakuja. Nani ataiita takataka?

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja wamevuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi. Wao na jamaa zao wana haki ya kuelezwa maradhi yao kwa lugha yao. Basi tusizipe RNA hizi jina la dharau. Tuseme RNA zisizotengeneza protini, ili jina lishuhudie lile tulijualo, wala lisihukumu tusilolijua.