Kemron: Siku kichwa cha habari kilipoitangulia sayansi

Sisi tuliozaliwa miaka ya karibuni jina Kemron halituambii kitu. Lakini waulize wazazi. Kama mwaka 1990 walikuwa Kenya na walikuwa wakisoma magazeti, watalikumbuka.

Mwaka huo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ikiongozwa na Dk. Davy Koech, ilitangaza kuwa imepata dawa ya UKIMWI. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliizindua. Hebu fikiria hali ilivyokuwa: dawa iliyojulikana wakati huo ni AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, na bei yake Mkenya wa kawaida asingeiweza. Watu walikuwa wanazika kila wiki. Halafu unaambiwa tiba imepatikana, tena nyumbani. Nani asingefurahi?

Kemron ilikuwa nini hasa? Ni alfa intaferoni, aina ya protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza kupambana na virusi. Hii ilitolewa kwa kiasi kidogo sana, kupitia mdomoni. Wazo lilianzia Texas kwa Joseph Cummins, mtafiti wa magonjwa ya mifugo, aliyekuwa amelijaribu kwa wanyama.

Ripoti ya mwanzo ilihusu wagonjwa 40. Walisemekana kupata nafuu, kuongezeka uzito na kurudiwa na nguvu. Baadaye ikadaiwa kuwa wapo waliopimwa na kuonekana hawana tena maambukizi. Kilichokosekana ni kundi la pili la wagonjwa wasiopewa dawa hiyo, ili matokeo yalinganishwe. Bila kundi hilo huwezi kujua kama nafuu imeletwa na dawa, na chakula bora, au na matumaini tu.

Hapo ndipo mawasiliano yalipoharibika. Sentensi moja tu ilihitajika, na mwandishi yeyote angeiandika: "Tumeona dalili nzuri kwa watu 40, hatukuwa na kundi la kulinganisha, na bado hakuna mwingine aliyerudia jaribio hili." Hiyo haihitaji shahada kuielewa. Lakini Rais akishazindua dawa, mtafiti gani atasimama aseme "subirini kwanza"? Na mhariri gani wa enzi zile za chama kimoja angeichapa?

Wanasayansi wa nje nao hawakusaidia sana. Shaka zao zilikuwa za haki, ila wengi masikioni mwao walisikia dharau: Mwafrika hawezi kugundua kitu. Kwa hiyo kila aliyehoji takwimu alionekana anaihoji heshima ya bara zima. Hata Marekani, baadhi ya Wamarekani weusi walidai dawa hiyo ijaribiwe kwao, wakiamini inafichwa.

Majaribio ya uhakika yakafanyika, Uganda yakiwemo, na Marekani pia. Jibu likawa lile lile: haikuonyesha faida. Matokeo hayo yalitoka polepole, kwenye majarida ya kitabibu, bila rais na bila ukurasa wa mbele. Tangazo lilimfikia mama wa kijijini kwa redio. Masahihisho hayakupata redio. Dawa mseto zilizogeuza kweli hali ya ugonjwa zilikuja mwaka 1996, na Afrika zilichelewa kufika kwa miaka mingine mingi.

Siandiki haya kumcheka mtu. KEMRI imefanya kazi kubwa ya utafiti tangu wakati huo. Ila mtafiti anayeogopa kwamba waandishi "watapotosha" ajue kuwa akinyamaza, nafasi yake haibaki wazi. Mwanasiasa ataijaza. Aseme yeye mwenyewe, mapema, ni watu wangapi, wamelinganishwa na nani, na kitu gani bado hakijulikani.

Nasi wenye kalamu tuna kazi ya kumuuliza hayo matatu kabla ya kuandika neno "tiba". Mwaka 1990 mgonjwa aliyesoma neno hilo gazetini hakuwa na muda wa kusubiri masahihisho.