Mhina wa bibi na miti ya Hatshepsut

Nilikuwa nachimba.

Sitanii. Barabara ya mtaani kwetu inapanuliwa, ukuta unarudi ndani mita tatu, na kwenye mita hizo tatu ndipo ulipo mhina alioupanda bibi. Dada zangu wawili walipoolewa, majani yalichumwa pale. Nilimwambia Mama tukate kijiti tupande upya, maana mhina haudeki. Akaniangalia tu. "Mwanangu, huo hauachwi."

Mwandishi akikwama hukimbilia kusoma. Nikatafuta watu wa kale waliowahi kung'oa mti uliokwisha komaa wakauhamishia uani kwao, nikaangukia Misri, kwenye hekalu la Deir el-Bahri, ng'ambo ya Nile ukitokea Luxor. Lilijengwa na Hatshepsut, farao mwanamke aliyetawala takriban mwaka 1479 hadi 1458 KK. Katika mwaka wake wa tisa alipeleka msafara nchi ya Punt, na habari zake zikachongwa ukutani: merikebu tano, dhahabu, nyani, na wanaume wamebeba mabegani miti ya kutoa uvumba. Miti mizima, mibichi. Maandishi yanaihesabu 31. (Punt ni huku huku kwetu Afrika. Utafiti uliochapishwa 2020 ulipima mabaki ya nyani waliohifadhiwa Misri, ukaelekeza pande za Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu.)

Kilichonisimamisha si dhahabu, ni kapu. Kila mti mizizi yake imo ndani ya kapu. Miaka karibu 3,500 iliyopita walishajua kwamba mti husafiri na udongo wake! Mizizi minene hushikilia tu. Inayokunywa maji ni ile myembamba kama nywele, na ukikung'uta udongo umeikata yote.

Mzee jirani anayeuza miche alinicheka nilipomsimulia. "Hayo mbona tunayafanya?" Kisha akanipa masharti: chimba mfereji kuuzunguka wiki sita kabla, ukate mizizi ya mbali ili mipya ichipue karibu na shina. Sisi tulikuwa na wiki tatu. Basi pogoa theluthi ya matawi, akasema, mizizi iliyobaki isielemewe. Kapu letu likawa gunia la katani. Tuliuhamisha jioni, vijana wanne na toroli, shimo jipya tumeshalilowesha. Bonge la udongo lilikuwa zito kuliko friji, na upande mmoja likamong'onyoka. Mama aliona. Hakusema kitu.

Usiku nikarudi kwa Hatshepsut. Je, miti yake ilistawi? Mimi nina mashaka. Karibu miaka 300 baadaye, farao Ramses III bado alikuwa anatuma merikebu Punt kufuata utomvu ule ule. Kama ungekuwa unagemwa bustanini pale Luxor, safari yote ile ya bahari na jangwa ingekuwa ya nini? Kapu liliifikisha miti. Hali ya hewa ya Punt haikuingia kapuni.

Mhina wetu umehama hatua kumi na mbili tu. Siku ya nne ulipukutisha karibu majani yote. Dada yangu wa tatu anaolewa Desemba, na nyumbani hakuna anayelizungumza hilo.

Leo ni siku ya kumi na moja. Alfajiri nimemkuta Mama ameinama pale, anakwangua gome kwa ukucha.

"Njoo uone," akaniita. Ndani bado kijani.