Mbegu za tufaha: Hazina iliyofichika ndani ya tunda chachu

MKULIMA akila tufaha tamu kisha akapanda mbegu zake, asitarajie kuvuna tunda lilo hilo. Mti utaota na kukua, na baada ya miaka kadhaa utazaa, lakini mara nyingi matunda yake huwa madogo na yenye ugwadu au ukakasi. Wengi huuhesabu mti huo kuwa hasara na kuukata. Hata hivyo, ni kutokana na miti ya aina hiyo ndipo dunia ilipopata matufaha mengi yanayosifika sokoni.

Sababu ni kwamba mtufaha kwa kawaida haujirutubishi wenyewe. Ua lake huhitaji chavua ya mtufaha wa aina nyingine, ambayo huletwa hasa na nyuki. Kwa hivyo, kila mbegu hubeba urithi wa wazazi wawili tofauti. Mbegu tano za tunda moja zaweza kutoa miti mitano isiyofanana: mmoja mrefu, mwingine mfupi, huu wa matunda mekundu, ule wa manjano. Ni kama ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na sura na tabia yake.

Ili kupata tunda lisilobadilika, wakulima hukata kijiti cha mti wanaoupenda na kukipachika kwenye shina la mtufaha mwingine. Tufaha la kijani liitwalo Granny Smith lilitokana na mche ulioota wenyewe katika shamba la Maria Ann Smith, karibu na Sydney, Australia, katika miaka ya 1860. Nchini Uingereza, aina ya Bramley ilianza kwa mbegu alizopanda msichana Mary Ann Brailsford mjini Southwell mnamo 1809. Miti yote ya aina hizo iliyoko duniani asili yake ni vijiti vya miti hiyo miwili.

Huo ndio ubora wa kupachika, na ndiyo hatari yake pia. Shamba lenye miti ya urithi mmoja hushambuliwa kwa namna moja. Ugonjwa ukiushinda mti mmoja, huenda ukaishinda yote.

Kinga dhidi ya hatari hiyo hutafutwa katika asili ya tunda lenyewe. Kwenye miteremko ya milima ya Tian Shan, nchini Kazakhstan, kuna misitu ya mitufaha ya mwitu ambayo mbegu zake husambazwa na dubu na wanyama wengine. Jiji la Almaty, lililoitwa Alma-Ata zamani, lilipata jina lake kutokana na neno alma, yaani tufaha. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Vavilov alizuru eneo hilo mnamo 1929 na kulitaja kuwa chimbuko la tufaha. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mnamo 2010 ulithibitisha kuwa mtufaha huo wa mwitu ndio mzazi mkuu wa ule wa shambani.

Kati ya 1989 na 1996, wataalamu wa Marekani walikusanya mbegu huko na kuzipanda mjini Geneva, jimbo la New York. Baadhi ya miti iliyoota ilistahimili ukungu unaotia madoa matunda, pamoja na bakteria wanaokausha matawi kana kwamba yamechomwa moto. Lakini misitu iliyotoa mbegu hizo imepungua kutokana na ujenzi, malisho na kilimo, na mtufaha huo umeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini.

Kwa mkulima wa nyanda za juu za Kenya, funzo ni mawili. Anayetaka mavuno ya kuuza anunue miche iliyopachikwa, ambayo hutambulika kwa kovu au fundo karibu na sehemu ya chini ya shina. Apande aina mbili zinazochanua pamoja na zisizohitaji baridi kali, kama vile Anna kutoka Israeli na Dorsett Golden, ambayo yenyewe ilitokana na mche wa mbegu mjini Nassau, Bahamas.

Pili, aliye na mtufaha ulioota kwa mbegu asiharakishe kuuchukulia shoka. Auonje utakapozaa, aone matunda yakikaa muda gani bila kuoza, na iwapo majani yanabaki safi msimu wa mvua. Ukifaa, vijiti vyake vitapachikwa kwingine. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi.