Kufuta Kuna Karani Wake

Sheria ya kwanza niliyopewa masjala, katika ofisi ya wilaya moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ilikuwa fupi: folio hainyofolewi. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejesta, inatobolewa, inapewa namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia, kisha inafungwa jaladani. Bosi akipandwa na hasira akaandika dokezo kali, kesho yake anaweza kuandika jingine chini yake la kutuliza mambo. Kulichana hapana. Nimeshika jalada lenye dokezo la namna hiyo, limekatwa mstari mmoja na kusainiwa pembeni, na ule ukali unasomeka vizuri tu.

Kuteketeza kulikuwapo, lakini kwa utaratibu. Siku hizi Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ndiyo inayosimamia jambo hilo: huchomi jalada la serikali kwa sababu kabati limejaa, unaomba kibali, na orodha ya vilivyochomwa inabaki. Kwa hiyo vijana wanapolalamika kwamba grupu la ofisi la WhatsApp limeleta ugonjwa wa kufuta mazungumzo, mimi nawaambia ugonjwa ni wa kale. Wakubwa wamefuta tangu zamani, na mara nyingi wameumbuliwa na makaratasi ya huko kufuta kwenyewe.

Waingereza ni mfano mzuri. Mei 1961 waziri wao wa makoloni, Iain Macleod, alituma maelekezo kwamba serikali mpya za makoloni yanayopata uhuru zisirithi nyaraka ambazo zingeifedhehesha Uingereza, au polisi wake, au watoa habari wake. Kenya majalada ya siri yaligongwa muhuri wa herufi W, na walioruhusiwa kuyashika ni maofisa wa Kiingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Karani Mwafrika, hata awe na miaka mingi masjala, hakutakiwa hata kujua kwamba jalada hilo lipo. Mengine yalichomwa, na maelekezo yalisema hata majivu yavurugwe. Yaliyokuwa ya kuzamishwa baharini yafungwe na kitu kizito, yatupwe mbali na pwani, penye kina na pasipo mkondo.

Lakini huwezi kuendesha kazi kubwa hivyo bila barua, na barua nazo zina nakala. Maofisa walitakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba wameteketeza. Takriban majalada 1,500 ya Kenya yalisafirishwa hadi Uingereza, na mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakidai fidia ya mateso ya enzi ya ukoloni, serikali ikalazimika kukiri kwamba yako kwenye ghala lake la Hanslope Park, pamoja na maelfu mengine ya makoloni mengine. Miaka miwili baadaye Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mule majaladani yalikuwemo hata maelekezo ya namna ya kuchoma.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha Washington, maana hapo ndipo kompyuta inapoingia. Baraza la Usalama la Taifa pale White House lilianza kutumia mfumo wa IBM ulioitwa PROFS mwaka 1982 kwa majaribio, na kufikia Aprili 1985 ulikuwa umekamilika. Mtu aliandika ujumbe mezani kwake, mwenzake akausoma palepale, bila katibu muhtasi, bila mhudumu wa kubeba jalada, bila mimi. Luteni Kanali Oliver North alipewa na mkubwa wake, John Poindexter, njia ya pembeni: ujumbe wenye kichwa maalumu ulimfikia Poindexter moja kwa moja, bila kupita kwa watu ambao kwa kawaida wangeusoma kwanza. Humo waliandika kuhusu silaha zilizouzwa Iran na fedha zilizopelekwa kwa waasi wa Nicaragua.

Novemba 1986 mambo yakafumuka. Katibu muhtasi wa North, Fawn Hall, alisaidia kutia nyaraka kwenye mashine ya kukata karatasi. Kwenye kompyuta, North na Poindexter wakafuta jumbe zaidi ya 5,000, wakaamini kazi imekwisha.

Kumbe kuna chumba hawakukifikiria. Watumishi wa mawasiliano, watu wasio na cheo cha kutajwa magazetini, walikuwa na kazi ya kunakili kila kitu kwenye kanda za akiba ili mfumo ukianguka uinuliwe. Kanda hizo zilizungushwa na kuandikiwa upya baada ya muda. Safari hii zikawekwa kando. Wachunguzi walipozisoma, zile jumbe zilikuwamo. North mwenyewe alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba aliamini ukibonyeza kufuta, kimefutika. Mimi niliposoma hayo nilicheka kwa sauti: masjala ilikuwepo, ila wakubwa hawakuijua ilipo.

Januari 19, 1989, siku moja kabla Rais Reagan hajaondoka madarakani, waandishi na watafiti wakakimbilia mahakamani kuzuia kanda zisifutwe. Serikali ilijitetea kwamba yenye maana yamekwishachapishwa kwenye karatasi. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikakataa hoja hiyo, kwa sababu karatasi inaweza isionyeshe nani aliupokea ujumbe na saa ngapi. Majaji hao wangefaa sana kusimamia kitabu cha dispatchi.

Turudi kwenye grupu la ofisi. WhatsApp iliruhusu kumfutia kila mtu ujumbe mwishoni mwa 2017, ndani ya dakika saba. Tangu Agosti 2022 muda umefika siku mbili na nusu hivi. Inabaki alama tu kwamba kitu kimefutwa, na kwa umbea wa ofisi alama hiyo inatosha kuanzisha maswali hadi saa ya chai. Mwenye skrinshoti ndiye kanda ya akiba. Jumbe za kutoweka zenyewe, zinazoweza kupangwa zijifute baada ya saa 24, ni jambo jingine. Hapo hakuna kibali wala orodha, na aliyepanga ametumia vidole viwili tu.

Nilistaafu, lakini ofisi moja huniita kuwapangia majalada. Majuzi nilikuta la ukarabati wa zahanati linatoka folio 31, ya Machi, linaingia folio 32, ya Septemba. Katikati fundi alibadilishwa na bei ya bati ikapanda.

“Shikamoo mzee,” akasema ofisa kijana. “Yale maelekezo yalitoka kwenye grupu.”

“Marahaba. Yako wapi?”

Akafungua simu, akapandisha, akapandisha, kisha akaniomba nisubiri ampigie mwenzake aliyehamishiwa wilaya nyingine, pengine yeye hakubadilisha simu. Nikaandika kwenye karatasi ya madokezo, kwa wino mweusi, kwamba kati ya folio 31 na 32 hakuna kilichopokelewa masjala, nikasaini na kuweka tarehe. Mkaguzi anakuja Novemba.