Begi la Mpiga Picha: Stori ya Msowero na Kilosa, Kutoka Mkanda wa Picha 36 Mpaka Memori Kadi

Wadau, kabla ya Insta, kabla ya Tecno, kabla hata neno selfi halijazaliwa, vijiji vya Kilosa vilikuwa na mtu mmoja ambaye watoto wakimwona tu wanakimbia kunawa uso. Mpiga picha! Msowero, Rudewa, Kimamba, kote huko alifika na baiskeli yake, begi la ngozi linaning'inia begani. Leo huwezi kumtaja kwa jina, maana nyuma ya picha zake kulikuwa na muhuri wa studio na tarehe, basi. Yeye alipiga wenzake maisha yake yote, na mara nyingi hana hata picha moja ya kwake.

Lakini begi lake linasimulika. Na ukilifungua taratibu, utaona kwa nini kijana wa leo mwenye kamera ya mamilioni anaweza kuwa na kumbukumbu chache kuliko yule mzee wa baiskeli.

KAMERA ILIVYOFIKA

Tuanzie mbali kidogo. Mjerumani alianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Kilosa ikawa kituo, mashamba ya katani yakafunguka, watu wakamiminika kutoka kila kona. Kamera nazo zikaja, ila mikononi mwa wageni. Mgeni anapiga, mwenyeji anapigwa. Ndiyo maana picha nyingi za enzi hizo zina sura za Waafrika bila majina.

Zanzibar wao walishawahi. Wagoa walikuwa na studio pale tangu karne ya 19, na mwaka 1930 ikafunguliwa Capital Art Studio ambayo ilikuja kupiga karibu kila tukio kubwa la kisiwa. Huko Marekani, Kodak walikuwa wameshatoa kamera ya boksi iitwayo Brownie tangu 1900 kwa dola moja tu. Kaboksi ka kawaida, lenzi moja, hakuna mbwembwe. Lakini Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar, alianza na kamera ya aina hiyo akiwa mtoto. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapo hapo Dar, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaliza dunia nzima. Kwa hiyo mdau, usidharau kifaa kidogo.

NDANI YA BEGI LA MZEE

Haya, turudi Msowero. Begi lina nini? Kamera moja, mara nyingi ya mtumba. Flashi, na betri zake ambazo zikiisha zinaanikwa juani zipate uhai wa kudanganyia. Kitambaa cha kufutia lenzi. Na kitu cha thamani kuliko vyote: mkanda.

Mkanda mpana ulitoa picha 12. Ule mwembamba ulitoa 36. Yaani ukibonyeza, umebonyeza, hakuna kufuta. Ndiyo maana wazee wetu kwenye picha wamekaza sura vile! Siyo kwamba hawakuwa na furaha. Mpiga picha amesema usipumue, na picha moja ni hela. Ukifumba macho, shauri yako.

Halafu unasubiri. Picha nyeusi na nyeupe mtu aliweza kuzisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, taa nyekundu, beseni tatu za dawa. Za rangi zilitaka mashine, na mashine ziko mjini. Mkanda lazima uishe ndipo upelekwe, kwa hiyo ukipigwa picha ya kwanza kwenye mkanda mpya, unasubiri watu wengine thelathini na tano wapendeze. Na siku mzee anarudi, anaweza kukuambia ile sentensi iliyovunja mioyo ya wengi: "Picha zimeungua." Mwanga umeingia kwenye mkanda. Harusi imekwisha, bibi harusi ameshafika kwake, ushahidi hakuna.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yalizidi kuwa magumu. Nchi ilikuwa na uhaba hata wa sabuni na sukari, sembuse mkanda wa picha. Biashara ilipoanza kufunguliwa na enzi ya Mzee Ruksa kuingia 1985, bidhaa za nje zikarudi madukani, na studio zikaota kama uyoga: pazia la mandhari ya bahari, maua ya plastiki, na mtu wa Kilosa ambaye hajawahi kuiona bahari amepozi pwani.

KWA NINI SURA ZILITOKA NYEUSI TII?

Hapa wengi hawajui. Ukiangalia albamu za zamani utaona shati jeupe linang'aa, meno yanaonekana, sura hakuna. Watu wakamlaumu mpiga picha. Kumbe kosa lilianzia kiwandani!

Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walisambaza kwenye maabara za picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Ikaitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha "picha nzuri". Ngozi ya Mmatumbi haikuwa kwenye hesabu. Mwongoza filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda kufanya kazi Msumbiji miaka ya 1970, anajulikana kwa kugoma kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Na kilichosukuma mabadiliko nacho ni kichekesho: malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha, kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikatoka.

Sasa waza. Mzee wa Msowero hakujua habari za Shirley. Alijua tu kwamba mteja wake haonekani. Dawa yake ikawa kumtoa nje asubuhi au jioni, kumgeuzia uso kwenye mwanga, na kukataa kupiga saa sita mchana. Huo ujuzi leo unauzwa kwenye kozi za mtandaoni.

DIJITALI YAINGIA

Mwaka 1975 injinia wa Kodak aitwaye Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ikatumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti, na ubora wake ni nukta elfu kumi tu. Kodak wakaogopa itaua biashara ya mikanda, hawakuikimbilia. Januari 2012 wakaomba ulinzi wa kufilisika mahakamani. Waliigundua wenyewe, ikawamaliza wenyewe!

Mwaka 2008 Nikon D90 ikawa kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kurekodi video, Canon wakafuata mwaka huo huo na 5D Mark II. Hapo ndipo harusi za Bongo zilipobadilika. Mpiga picha na mpiga video wakawa mtu mmoja, na begi likabadilika pia:

Lenzi ya hamsini. Ile ya f/1.8 ndiyo mkombozi wa wenye mfuko mwembamba. Ukilinganisha na lenzi inayokuja na kamera ikiwa imevutwa mpaka mwisho kwenye f/5.6, hii inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Ukumbi wenye taa mbili tu, bado sura inatoka.

Lenzi ndefu. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, na watu wanapiga tembo kwa simu kutoka dirisha la basi. Anatoka kama kichuguu. Mnyama anataka milimita 300 na kuendelea.

Betri za akiba na chaja, maana umeme unajijua wenyewe. Mfuko wa nailoni na brashi, kwa sababu vumbi likiingia kamerani utaliona kwenye kila picha ya anga. Na droni, ambayo siyo ya kurusha tu kama tiara. Inataka vibali, na hifadhini ndiyo kabisa.

KILICHOPOTEA

Mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Reli ikakatika, maelfu wakakosa makazi. Watu huwa wanahesabu nyumba, mifugo na magunia ya mahindi. Nani anahesabu albamu? Maji yakishaingia kwenye sanduku la picha, sura zinagandana, ukizibandua zinachanika.

Zamani kulikuwa na akiba moja: mzee alibaki na negetivu. Picha yako ikiharibika unarudi kwake, hata baada ya miaka kumi, anakusafishia nyingine. Alikuwa benki ya kijiji bila kujua. Alipofariki, wajukuu wakachezea negetivu, zilizobaki zikawashiwa moto na takataka za uani. Hapo kijiji kizima kikafutika, na hakuna aliyelia.

Na leo? Memori kadi moja ya GB 32 inabeba picha maelfu. Jumamosi harusi, Jumapili mteja katumiwa WhatsApp, Jumatatu kadi imefomatiwa kwa ajili ya kipaimara. Mteja naye simu ikiibiwa Msamvu, kwisha habari. Mzee wa baiskeli alipiga 36 zikakaa miaka arobaini. Kijana anapiga elfu mbili hazimalizi mwaka.

Kwa hiyo kabla hujakimbilia Kariakoo kununua lenzi mpya, nunua hadi diski ya nje. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Na ile picha ya mama, isafishe kwenye karatasi, andika nyuma jina lake, mahali na mwaka. Kalamu haihitaji chaji.

Je, kwenu kuna picha ya babu au bibi iliyobaki? Nani aliipiga, jina lake linajulikana? Dondosha hapo chini, hawa wazee wasipotee bila majina kama walivyotupigia bila majina.