Alan Ladd Jr., Aliyemwamini Lucas

Mwaka 1973 kijana George Lucas alikuwa akihangaika na hadithi yake ya vita vya angani. United Artists waliikataa, Universal nao wakaipa kisogo. Wakati huo filamu za sayari za mbali zilihesabiwa kuwa hasara, na maelezo aliyoandika Lucas yalijaa majina ambayo hata mwenye subira angeyaona mazito.

Katika kampuni ya 20th Century Fox alikuwapo Alan Ladd Jr., mwana wa mwigizaji mashuhuri wa filamu ya Shane. Alianza kazi kama wakala wa waigizaji, akaenda London kutayarisha filamu, kisha akarudi Marekani kujiunga na Fox. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, jambo la nadra Hollywood. Hadithi ya Lucas hakuielewa vizuri. Lakini alikuwa ameitazama American Graffiti, filamu ya Lucas, kabla haijatoka, akatambua kwamba aliyeiongoza anaijua kazi yake. Akamkubali mtu kwanza, hadithi baadaye.

Uamuzi huo ulimgharimu usingizi. Wakati wa kupiga filamu huko Tunisia, mvua ilinyesha jangwani na roboti zikagoma kutembea. Gharama zikapanda hadi kufikia dola milioni 11 hivi, huku baadhi ya wajumbe wa bodi wakiona fedha zinateketea. Ladd aliendelea kumkingia kifua Lucas. Star Wars ilipotoka tarehe 25 Mei 1977, sinema chache zilizokubali kuionyesha zilizungukwa na foleni, na bei ya hisa za Fox ikapaa. Kwa kuwa Fox haikuona mapema thamani ya haki za vinyago na za filamu zitakazofuata, ilikuwa imemwachia Lucas haki hizo. Huko ndiko ulikotoka utajiri wake.

Kwa masimulizi ya mwongozaji Ridley Scott, ni Ladd pia aliyeuliza kwa nini shujaa wa Alien asiwe mwanamke. Filamu ikatoka mwaka 1979, na Sigourney Weaver, ambaye wachache walimjua, akawa nyota.

Mwaka huohuo Ladd aliondoka Fox na kuanzisha The Ladd Company. Chariots of Fire, waliyoisambaza Marekani, ilitwaa Oscar ya filamu bora. Blade Runner na The Right Stuff zikawatia hasara, ingawa leo zote mbili zinaheshimiwa. Baadaye aliongoza MGM, ambako Thelma & Louise ilitoka mwaka 1991. Alipoondoka huko alichukua mradi wa Braveheart, nao ukampatia Oscar yake mwenyewe mwaka 1996.

Alifariki tarehe 2 Machi 2022, akiwa na miaka 84. Kwa maoni yangu, hakuna mkuu wa studio wa kizazi chake aliyewatambua waongozaji mapema kuliko yeye. Mpenzi wa filamu, unapomtaja Lucas, mtaje na Ladd.