Mazuku, mmomonyoko, bonde la maji: maneno ya mazingira tunayohitaji kuyajua

Katika Mwanzo sura ya 2 Adamu anapewa bustani, kisha analetewa wanyama ili awape majina. Tukihubiri sura hiyo tunakaa sana juu ya bustani na ndoa, na juu ya majina tunapita haraka. Lakini ni vigumu kutunza kitu usichoweza kukitaja. Vijana wetu husoma elimu ya mazingira shuleni kwa Kifaransa, huandika maneno yake kwenye mtihani, na wakirudi nyumbani hawajui wamweleze mama yao namna gani. Hapa tunaeleza machache, kwa mifano ya kwetu Kivu.

Mazingira. Wengi wakisikia neno hili wanafikiri usafi: kufagia, salongo, kuchoma takataka. Usafi ni sehemu ndogo tu. Mazingira ni vyote vinavyotuzunguka na kutuwezesha kuishi, yaani hewa, maji, udongo, mawe, mimea na wanyama, pamoja na vile tulivyojenga wenyewe. Mahali ambapo viumbe hai vinategemeana, na kutegemea pia maji, hewa na udongo wa hapo, panaitwa mfumo wa ikolojia. Ziwa Kivu ni mfano mzuri. Sambaza tunaowala si wa asili ya ziwa hilo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wakapata riziki, lakini aina moja ya vijidudu vilivyokuwa vikielea majini ikaliwa mpaka ikatoweka. Ukigusa kimoja, kingine kinatikisika.

Mazuku. Neno hili ni la watu wa kwetu, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua lilivyo katika maandishi yao. Ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano na kukusanyika kwenye mashimo na vibonde. Inapatikana hasa kaskazini mwa Ziwa Kivu, magharibi ya Goma kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kama maji ndani ya beseni. Haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Ndiyo sababu mbuzi anaanguka huku mchungaji wake amesimama salama: kichwa cha mbuzi kiko chini. Ndiyo sababu pia mtoto, au mtu aliyelala, anaweza kufa mahali ambapo mtu mzima amepita kwa miguu bila kujua kitu.

Tukae kidogo hapa, maana ndipo kosa letu sisi wachungaji lilipo. Mtu akikutwa amekufa bondeni bila jeraha, maneno ya uchawi huanza kabla ya maziko, na mara nyingi ni mjane au mzee fulani anayeonyeshwa kidole. Mara nyingi tumenyamaza. Wengine wetu wamefanya maombi ya kuvunja laana juu ya shimo lenye hewa ukaa, na shimo likabaki pale pale, likimngoja mwingine. Kuomba pamoja na wafiwa ni wajibu wetu. Lakini anayejua mazuku ni nini ataweka alama mahali hapo, atawaambia waliokimbia vita wasijenge kibanda hapo, wala hatamshtaki jirani. Ukiona ndege au panya waliokufa ndani ya shimo, usishuke. Ukiona mtu ameanguka humo, usimfuate peke yako. Anayeinama kumwinua naye huanguka juu yake. Ita watu kwanza.

Hewa hiyo hiyo, pamoja na gesi ya methani, imeyeyuka kwa wingi katika maji ya chini ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 485. Maji ya chini ni mazito kwa sababu ya chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Hayo ndiyo yanaitwa matabaka. Upande wa Rwanda methani inavutwa na kuzalisha umeme. Kule Kamerun, mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitoa hewa ukaa ghafla usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Mmomonyoko ni udongo wa juu kuchukuliwa na maji au upepo. Udongo huo ndio wenye rutuba, na unachukua miaka mingi sana kujitengeneza. Mizizi ya miti huushika. Tukikata miti yote ya mlima kwa ajili ya makala, mvua inakuta mlima uko uchi.

Tishio na maafa si kitu kimoja. Mvua kubwa ni tishio. Inakuwa maafa inapowakuta watu njiani mwake. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mito ilifurika na udongo ukashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Kusema tu kwamba ni mapenzi ya Mungu ni kuacha swali moja bila jibu: nani atawaambia watu mto hupitia wapi ukikasirika, kabla hawajajenga?

Bonde la maji ni eneo lote ambalo mvua yake inashuka kwenye mto au ziwa moja. Vilima vya Bukavu ni sehemu ya bonde la Ziwa Kivu. Sasheti na chupa zinazotupwa kwenye mifereji ya Kadutu hushuka ziwani, ziwa linatoka kwa mto Ruzizi, na pale kwenye bwawa la umeme plastiki hiyo huziba mitambo. Siku ya salongo wengi wetu husukuma takataka ndani ya mfereji ili barabara ionekane safi. Jioni umeme ukikatika, tunauliza nani ameukata.